Ukurasa wa Kwanza na Wimbo wa Nabilah Wahabi

Kwa Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, Bwana Komakech,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Zubairi Fadhul, mkazi wa Old Kampala, mwandishi wa maombi na barua za watu, na babu yake Munirah Jibril wa kidato cha tatu katika shule yako. Madhumuni ya maandishi haya ni kukuomba uamuzi kuhusu kazi ya mradi ya mjukuu wangu, ambayo mwalimu wake wa Kiswahili, Bwana Okwera, amekataa kuitia alama kwa tuhuma ya kunakili.

Kwa kawaida ombi langu halizidi ukurasa mmoja. Safari hii nimeona vyema kukuletea kurasa za shajara yangu za muhula huu kama zilivyo, kwa kuwa ombi husema yale tu ambayo mwombaji anapenda yajulikane. Siku zisizohusika nimeziondoa, isipokuwa chache ambazo zilinifurahisha na sikuwa na moyo wa kuzitoa.

*17 Septemba*

Muhula umeanza pamoja na mvua. Munirah ameshuka mlimani viatu mkononi, akavivaa langoni mwa shule.

*19 Septemba*

Mwalimu Okwera amewaagiza wanafunzi wachague jambo moja la nyumbani kwao, walikusanye, waliandike na kulieleza kwa Kiswahili. Munirah amechagua nyimbo za bibi yake. Jambo hili limenipendeza kupita kiasi.

Mke wangu ni Nabilah Wahabi, ambaye mtaa mzima humwita Bibi. Ndiye kiongozi wa kundi la akina mama wa Kinubi wanaopiga doluka, ngoma yetu ya harusi. Nyimbo nyingine alizirithi, lakini upo mmoja aliotunga mwenyewe, siku mpwa wake alipoolewa na kijana wa Nakuru. Aliutunga kwa Kiswahili na si kwa Kinubi, ili wakwe wasije wakasema hawakuelewa walivyochekwa. Nauandika hapa:

Bwana harusi kaja, viatu vya kuazima,
Mpeni mkeka akae, miguu isimlilie.
Mwenye viatu yu nyuma, anakanyaga matope,
Asema harakisheni, nami nina harusi yangu.

Munirah alimrekodi kwa simu baada ya chakula cha jioni.

"Bibi, imba tena. Simu haikushika vizuri."

"Simu yako ina masikio ya mkwe," akasema Bibi. "Isogeze hapa."

*21 Septemba*

Bibi amemfundisha Munirah desturi ya kundi lao, ili nayo iingie katika mradi. Mwanamke akitaka kuimba ubeti uliotungwa na mwenzake, hugonga ngoma kwa kiganja na kutaja jina la mwenye ubeti kwa sauti. Mwenyewe hujibu, "Chukua." Akiwa amefariki, hujibu mtu wa nyumba yake. Hapo ndipo wimbo huanza.

"Na asipotaja?" akauliza Munirah.

"Tunashusha mikono."

"Basi?"

"Basi! Wewe umewahi kucheza harusini bila kupigiwa makofi? Unabaki unatikisika peke yako kama kuku aliyenyeshewa."

*26 Septemba*

Nimeipitia kazi ya Munirah. Nyimbo ziko sawa na maelezo yanatosha. Utangulizi, hata hivyo, ulikuwa wa sentensi fupi mno, mfano wa telegramu, na moja ya sentensi hizo ilianza na neno "Na". Nimeunyoosha. Sasa unafunguka hivi: "Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa kuzingatia wajibu tulionao wa kuulinda urithi uliotukuka wa wazee wetu, ninayo heshima kuwasilisha mbele yako yafuatayo." Ukurasa mzima unakwenda kwa mwendo huo.

"Babu, mimi sisemi hivi," akaniambia.

"Ndiyo sababu unasomeshwa."

Ameunakili kwa mwandiko wake, ambao ni mzuri kuliko wangu. Nimelala nimeridhika.

*27 Septemba*

Mvua. Nimekula mhogo wa kuchoma.

*8 Oktoba*

Nimepatwa na jambo ambalo bado sijui niliweke katika fungu gani. Nilikuwa barazani pangu nikimwandikia mjane mmoja ombi la kiwanja, mara nikasikia sauti ya mke wangu ikitoka kwa kinyozi Odur, mlango wa pili. Nikadhani amemleta mtu kunyolewa. Nikaenda. Sauti ilikuwa ndani ya spika, imetandikiwa ngoma nzito za kisasa, ikirudia rudia "viatu vya kuazima, viatu vya kuazima", kisha ubeti wote.

"Odur, hii umeitoa wapi?"

"Mzee, wewe nalala wapi? Hii nyimbo nasumbua Kampala yote! Ni ya kijana mmoja Mkongo wa Nateete, naitwa Gradi. Hii mama iko na sauti, bambi."

"Huyo mama ni mke wangu."

Odur akazima mashine yake huku mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. "Mzee, wacha mchezo."

Nilikwenda kumwita Bibi, naye akaja na upawa mkononi. Alisikiliza wimbo wote amesimama mlangoni. Alicheka, akacheza hatua mbili, wateja wakampigia makofi. Kisha akauliza, "Nani aliniita?"

Hatukumwelewa.

"Kabla ya wimbo. Nani ametaja jina langu?"

Odur akaurudisha wimbo mwanzo. Hakuna aliyelitaja.

*11 Oktoba*

Madereva wa bodaboda wanaupiga mluzi. Kule Kasubi, muuza nyanya amemwita mke wangu "Mama Viatu" na kumwongezea fungu. Nikisema kwamba Bibi amekasirika nitakuwa nimedanganya. Anatembea kama mwenye gari. Ila kila jioni huuliza kama wimbo umeshaanza kumtaja.

Kwa upande wangu nimeanza rasimu ya malalamiko kuhusu hakimiliki. Imenyooka sana.

*16 Oktoba*

Munirah amerudi akilia, na daftari la mradi limelowa kwa sababu alilitumia kujikinga mvua. Jambo hilo peke yake lilinionyesha kuwa hana haja nalo tena.

Mwalimu Okwera amemrudishia kazi bila alama. Alipousoma wimbo wa viatu, aliyatafuta maneno hayo katika simu yake, akayakuta yote mtandaoni chini ya jina la Gradi. Amesema Munirah ameuchukua wimbo wa redioni na kumsingizia bibi yake.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ni wa Bibi. Darasa zima likacheka, Babu. Wakasema eti na wimbo wa taifa ni wa shangazi yangu."

"Mwalimu naye alicheka?"

"Hapana. Aliwanyamazisha. Lakini akasema hata utangulizi si sauti yangu, na kazi ikishakuwa na kitu cha wizi haitiwi alama yoyote. Bila alama hiyo mradi wangu ni sifuri."

Bibi alikuwa akichambua mchele. Akaisukuma sinia kando. "Yaani mimi ndiye mwizi wa viatu vyangu?"

*17 Oktoba*

Nimekwenda shuleni nikiwa nimevaa kanzu na koti. Mwalimu Okwera si mtu wa kiburi. Alinipa kiti chake, yeye akasimama.

"Mzee, nionyeshe kwamba wimbo ni wa mkeo, na mimi nitamwomba Munirah radhi mbele ya darasa lile lile. Hilo ni rahisi. Lakini huu ukurasa wa kwanza nani aliuandika?"

Nikamjibu kuwa mjukuu wangu aliuandika kwa mkono wake.

Akanitazama kidogo. "Sawa, mzee," akasema.

Nilirudi nyumbani nikijiambia kuwa nimejibu vizuri. Mvua ilinikuta njiani, nami sikukimbia.

*20 Oktoba*

Wimbo ulikotokea kumejulikana. Simu ya Munirah ilipojaa, alimtumia rafiki yake wa darasani, Victoire, ile sauti ili amhifadhie. Victoire ni dada yake Gradi. Munirah alikuwa akiogopa kutusimulia asije akamponza mwenzake.

Tumekwenda Nateete, mimi na Munirah. Studio ya Gradi ni chumba kilichofunikwa magodoro ukutani, nyuma ya saluni ya mama yake, Mama Julienne. Kijana ni mwembamba na ana adabu. Alinikaribisha kwa mikono miwili.

"Papa, karibu sana. Ni mambo gani?"

Nikamweleza. Akakaa chini polepole.

"Papa, mi nilisikia ile sauti ku telefone ya Victoire, ikanishika. Siku mbili sikulala. Nilifikiri ni wimbo ya zamani, ya bazee, ya batu bote."

"Hakuna wimbo wa watu wote. Huu ni wa Nabilah Wahabi, naye yuko nyumbani anachambua mchele."

"Eh! Iko muzima?"

Pazia likafunguka, na Mama Julienne akaingia na kitana mkononi. "Gradi! Ile wimbo ni ya bibi ya batu? Na mi nilikuwa natembea ku kanisa najisifu, mtoto yangu ametunga! Weye!" Akampiga kitana begani, kisha akanigeukia kwa upole. "Papa, mutusamehe. Huyu Victoire naye nitamusuka leo mpaka alie."

Gradi akasema yuko tayari kuufuta wimbo, au kuandika jina la Bibi, lolote tutakalo. Nikamwambia kinachotakiwa kwanza ni tamko la maandishi la kumsafisha Munirah.

"Papa, mi Kiswahili ya kuandika sijui. Weye andika, mi nitatia sahihi."

Hiyo ndiyo kazi yangu. Nikatoa kalamu, nikamwandikia hapo hapo. Ni tamko zuri.

*24 Oktoba*

Nimempelekea mwalimu tamko la Gradi. Alilisoma amesimama. Kisha akafungua kabati, akatoa ukurasa wa kwanza wa kazi ya Munirah, akaziweka karatasi hizo mbili mezani sambamba. Nikasoma.

Ya Munirah: "Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa kuzingatia wajibu tulionao wa kuulinda urithi uliotukuka wa wazee wetu, ninayo heshima kuwasilisha."

Ya Gradi: "Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa kuzingatia wajibu tulionao wa kuuheshimu urithi uliotukuka wa wazee wetu, ninayo heshima kukiri."

"Mzee," akasema Mwalimu Okwera, "huyu kijana wa Kongo na Munirah wamefundishwa na mtu mmoja?"

Nimeandika maombi ya polisi wastaafu, ya wajane, ya wachuuzi wa Nateete na ya wakimbizi, na sentensi hiyo nimeitia katika mengi kwa sababu ni nzuri. Sikuwahi kuona mbili zikilazwa pamoja.

"Tamko siwezi kulipokea," akasema. "Sisemi kijana amedanganya. Nasema sisikii mtu mwingine humu ila wewe."

*25 Oktoba*

Mvua kutwa. Wateja hawakuja, nami sikuwahitaji.

Nilimsimulia Bibi. Aliendelea kukuna nazi mpaka nikamaliza.

"Baba Jibril, umeingiza sauti yako kooni mwa mtoto. Kisha umekwenda Nateete ukaiingiza kooni mwa mtoto wa watu."

"Mama Jibril, hiyo ndiyo kazi yangu. Watu huja, naandika, wao hutia sahihi zao. Hakuna anayeniita mwizi."

"Mjane anayekuja barazani kwako anataka kiwanja. Akikipata, maneno hana haja nayo. Munirah yeye anapimwa kwa hayo hayo maneno. Sasa mwalimu ampime nani, wewe? Wewe una kidato gani?"

Akachukua kipande kingine cha nazi.

"Mimi wamenichukulia changu bila kuniita," akasema. "Wewe unawavika watu chako bila kujitaja. Nyote wawili mimi ningewashushia mikono."

Munirah alikuwa jikoni, na najua alisikia, kwa sababu vyombo vilinyamaza.

*26 Oktoba*

Nimemwambia Munirah kwamba sentensi zake za kwanza hazikuwa mbaya. Amesema, "Najua, Babu." Tumekunywa chai.

*2 Novemba*

Jua, kwa mara ya kwanza wiki hii. Nimeanika vitabu vyangu barazani. Rasimu ya malalamiko ya hakimiliki imepata ukungu, nami nimeiacha hivyo.

*8 Novemba*

Leo ilikuwa harusi ya binti wa jirani yetu Yasiin, mwenye malori. Naandika kirefu kwa sababu shauri hili limegeuka leo.

Turubai lilifungwa uani, na mvua ikaanza kabla ya pilau. Vyombo vya muziki vilikodiwa Nateete, na aliyekuja navyo alikuwa Gradi mwenyewe, hakujua kuwa ni kwa jirani zetu. Aliponiona alitaka kujificha nyuma ya spika. Nami nilishtuka vilevile, maana katika viti vya mbele, sahani ya pilau magotini, alikaa Mwalimu Okwera. Bibi alikuwa amemtumia mwaliko kupitia kwa Munirah, mimi nisiambiwe.

Wanawake walipiga doluka yao kwanza. Kisha vijana wakapiga kelele wawekewe "Viatu". Gradi akasita. Yasiin akamwita, "Weka bwana, unaogopa nini? Ni harusi hii!" Akauweka.

Sauti ya mke wangu ikajaa uani. Mara wanawake wote wa kundi, waliokuwa wakipiga makofi tangu asubuhi, wakashusha mikono. Hakuna aliyewaamuru. Waliilaza mapajani, wakawa wanatazama mbele kama watu wanaosubiri basi. Vijana waliendelea kucheza kidogo, mmoja mmoja akaacha. Wimbo ukabaki unaimba peke yake na mvua juu ya turubai.

Gradi akauzima. "Mama zangu, nimekosa nini?"

Munirah ndiye aliyeinuka, akamnong'oneza. Kijana akavua viatu vyake, akatembea juu ya mkeka mpaka kwenye ngoma, akaigonga kwa kiganja.

"Nabilah Wahabi."

Bibi akajitengeneza ushungi. "Simsikii huyu. Ngoma imeingia maji?"

Wanawake wakacheka. Akagonga tena, kwa nguvu. "Nabilah Wahabi!"

"Nani anamtaka?"

"Ni mi, Gradi, mtoto ya Julienne. Nilichukua wimbo yako, mama, na sikuita jina. Nilifikiri mwenye wimbo alishakufa."

"Umeniua, halafu unacheza harusini kwangu!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Gradi naye akacheka, machozi yanamlenga. Bibi akamwacha asimame hivyo mpaka kicheko kikaisha. Kisha akasema, "Chukua. Lakini viatu uvirudishe."

Mikono ikapanda. Sijawahi kusikia makofi ya namna ile.

Mwalimu Okwera alinifuata tukinawa mikono. "Mzee, mwenye wimbo nimemsikia. Jumatatu nitamwomba Munirah radhi darasani." Akajipangusa mikono. "Lakini ukurasa wa kwanza si juu yangu tena. Nimeshaupeleka kwa Mwalimu Mkuu. Kanuni ya shule inasema kazi yenye ukurasa usio wa mwanafunzi hukataliwa yote."

"Ukurasa ule niliuandika mimi," nikamwambia.

"Najua, mzee. Nilikuwa nakusubiri."

*10 Novemba*

Mwalimu ametimiza ahadi. Munirah anasema aliomba radhi amesimama wima, na wale waliocheka wakaangalia madawati yao.

*14 Novemba*

Wimbo umetoka upya. Kinyozi Odur aliniita niusikie. Sasa unaanza kwa kofi moja la ngoma, na sauti ya Gradi ikiita jina la mke wangu, na sauti ya mke wangu ikijibu, "Chukua." Bibi alikwenda Nateete mwenyewe kulirekodi neno hilo. Mama Julienne amemsuka bure.

Odur anasema sehemu hiyo ndiyo watu wanayoipenda zaidi.

*18 Novemba*

Munirah ameandika utangulizi mpya. Alinionyesha akiwa ameushika kwa mikono yote miwili, nisiweze kuuchukua. Nauweka hapa kwa ruhusa yake:

"Hizi ni nyimbo za bibi yangu, Nabilah Wahabi. Yeye aliimba, mimi niliandika. Pale nilipokosea alinisahihisha na kunicheka. Babu yangu, Zubairi Fadhul, alinifundisha pa kuweka vituo. Na wimbo wa viatu sikuutoa redioni. Redio ndiyo iliyoutoa kwetu."

Sentensi ya mwisho imeanza na "Na". Nilikuwa na kalamu mfukoni. Sikuitoa.

*20 Novemba*

Mvua imepungua. Leo nafunga kurasa hizi na kuzileta kwako.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, ukurasa wa kwanza wa kazi ya awali ni wangu, Zubairi Fadhul, wote, tangu neno la mwanzo hadi la mwisho. Munirah aliniambia kuwa yeye hasemi hivyo, nami sikumsikiliza. Nyimbo ni za Nabilah Wahabi, ambaye amekwisha kuitwa kwa jina na kujibu. Maelezo yaliyobaki ni ya Munirah, na mimi sikuyagusa isipokuwa vituo.

Naomba uung'oe ukurasa wangu. Naomba pia uamue kama kazi iliyobaki, pamoja na utangulizi mpya alioandika mwenyewe, itatiwa alama au haitatiwa. Tutaupokea uamuzi wako.

Zubairi Fadhul